Mikono Iliyofunzwa ni ya Nani?

Kuna barua ambayo mawakili wa Kiingereza wameipa jina la vitenzi viwili vilivyofungwa kwa kamba moja: acha, na usirudie. Kwetu bado haijapata jina lililotulia. Wengine huiita notisi, wengine barua ya onyo, na barazani husemwa tu kwamba fulani kapelekewa barua ya wakili, na kila asikiaye hufahamu kwamba si barua ya salamu. Humo huelezwa kwamba mteja wa wakili ana haki fulani; kwamba wewe uliyeandikiwa umeivunja; kwamba umepewa siku 7 au 14 uache; na kwamba ukikaidi utafikishwa mahakamani na gharama zote zitakuwa juu yako. Barua hiyo si hukumu wala si amri. Hakuna kadhi wala hakimu aliyeiona. Ni mtu mmoja anayemwambia mwenziwe akome, isipokuwa amesema kwa kinywa cha kukodi na kwenye karatasi yenye nembo.

Muuza sabuni akimwandikia muuza sabuni mwenziwe barua ya namna hii, sioni swali kubwa la maadili ndani yake. Sabuni ikishanunuliwa huisha, na mnunuzi harudi nyumbani akiwa amejua kuipika. Skuli ya muziki ni biashara ya namna nyengine. Kile inachokiuza huondoka na mnunuzi, katika vidole vyake na katika sikio lake, na kadiri mwalimu anavyoifanya kazi yake vyema ndivyo anavyojitengenezea mtu wa kushindana naye. Ni mwalimu mbaya tu asiyekuwa na sababu ya kumwogopa mwanafunzi wake. Kwa hivyo yafaa tuulize, na tuulize kwa utulivu: mwalimu wa muziki anayeilinda riziki yake kwa barua ya wakili, analinda nini hasa, na mpaka wapi?

Tubuni kisa, maana visa vya kweli vina wenyewe. Mwalimu wa udi na ganuni (ganuni, si kanuni, ingawa leo tutazihitaji zote mbili) amekodi ghorofa ya juu katika nyumba ya zamani, Mji Mkongwe wa Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa, vyovyote msomaji apendavyo. Ameipa skuli yake jina, ameandika kwa mkono wake daftari la mazoezi, na kwa miaka kumi amekula kwa ada za watoto wa watu. Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyekuja akiwa hajui risha hushikwaje. Kijana akasoma, akaiva, akafanywa msaidizi, akawa anafundisha wadogo siku za Jumamosi. Kisha siku moja akaaga, au hakuaga. Akakodi chumba uchochoro wa tatu, akatundika kibao chenye jina linalokaribia sana lile la mwalimu wake, akalitoa daftari nakala kwenye mashine, na wanafunzi wanne wakamfuata. Mwalimu kaenda kwa wakili. Rasimu ya barua imerudi ikiwa na aya tatu: moja ya jina, moja ya daftari, moja ya wanafunzi.

Nasema mapema rai yangu ili msomaji asidhani namzungusha. Aya ya kwanza ni ya haki. Ya pili ni ya haki kwa sehemu. Ya tatu si ya haki, na ndiyo ambayo mwalimu angetoa roho yake isifutwe, kwani hapo ndipo panapouma.

Jina kwanza, na hapa sitakawia sana. Mzazi anapomshika mwanawe mkono na kumpandisha ngazi, anaufuata mlango aliousikia ukisifiwa. Akiingia mlango mwengine kwa sababu kibao kimemchanganya, aliyedhulumiwa wa kwanza ni yeye, wa pili ndiye mwalimu. Jina la skuli ni ahadi kwa watu wa nje, na anayeliazima bila ya idhini anaahidi kwa ulimi wa mwengine. Wapenzi wa ushairi hawahitaji kufunzwa jambo hili. Watunzi wetu wa tenzi walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za tamati, mtu akaandika jina lake, la babake, pengine na mji na mwaka, zama ambazo hapakuwa na ofisi ya hakimiliki hata moja katika pwani hii. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyekuwa mwandishi wa khati, mchongaji na mwanamuziki, alinakili tenzi nyingi za wengine kwa kalamu yake na akaziuza nakala kwa wataalamu wa Kizungu. Na tunamshukuru, maana bila ya wanakili wa aina yake tungepoteza mengi. Kunakili hakukuwa wizi. Wizi ungekuwa kulifuta jina la mtunzi katika tamati na kutia la mnakili.

Ulimwengu wa mafunzo ya muziki unao mfano mashuhuri wa jina linalolindwa. Shinichi Suzuki, Mjapani aliyezaliwa Nagoya mwaka 1898 katika nyumba ya mtengeneza fidla, akafariki 1998, aliamini kwamba mtoto yeyote anaweza kujifunza fidla kwa njia ile ile anayojifunza lugha ya mama: kwa kusikia, kuigiza na kurudia, mzazi akiwa pembeni. Njia hiyo ikaenea duniani. Leo jina la Suzuki, likitumika kwa maana ya mafunzo hayo, liko chini ya jumuiya ya kimataifa inayotoa idhini kupitia vyama vya kanda, na mwalimu hutarajiwa apitie mafunzo yao kabla ya kulitundika mlangoni. Wako wanaoona huo ni ubahili. Mimi naona unakaribiana na ijaza ya masheikh wetu: huzuiwi kusoma kitabu, ila huwezi kusema fulani kakuidhinisha ilhali hakukuidhinisha.

Kwa sheria zetu, mwalimu wa kisa chetu anapaswa kujua jambo moja ambalo wengi huligundua wakiwa wamekwishachelewa. Alama za biashara na huduma Tanzania Bara zina sheria yake ya mwaka 1986, na Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda ya 2008, na daftari la usajili ni mbali mbali. Alama iliyosajiliwa Dar es Salaam haivuki bahari na feri. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na katika jambo hili yahitajika madaftari mawili.

Sasa lile daftari la mazoezi. Hapa sheria imefikiri vizuri zaidi kuliko hasira zetu. Mwaka 1879 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi baina ya Baker na mjane wa Selden. Marehemu Selden alikuwa ametunga kitabu cha kufundisha namna mpya ya kuweka hesabu, na Baker akaja na vitabu vya hesabu vinavyofuata mpango unaofanana. Mahakama ikatenganisha mambo mawili ambayo mwenye mali hupenda yachanganyike: kitabu ni cha mtunzi, lakini fani inayofundishwa na kitabu ni ya kila aliyekisoma. Ingekuwa vyenginevyo, kila aliyesoma kitabu angebaki mdeni wa mwandishi wake maisha yake yote. Rai hiyo imekuwa kanuni ya dunia. Mkataba wa biashara wa mwaka 1994 juu ya mali za ubunifu, ambao nchi zetu zimo ndani yake, wasema hakimiliki hulinda maelezo, hailindi fikra, taratibu wala njia za utendaji. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ni ya 1999, na ya Zanzibar ni ya 2003, na vyombo vya kuzisimamia ni COSOTA kule na COSOZA huku.

Kwa hivyo kijana aliyezitoa nakala kurasa za mwalimu wake na kuziuza kwa wanafunzi wake ameandikiwa kwa haki. Lakini je, akikaa chini akaandika mazoezi yake mwenyewe, yanayompeleka mtoto kutoka Rasti hadi Bayati kwa mpangilio ule ule aliofunzwa yeye? Makamu hayana mwenyewe. Namna ya kumkalisha mtoto mbele ya ganuni, kumfungia macho ili asikilize, kumchelewesha asiguse nyuzi mpaka aweze kuimba, hizo ni njia, na njia ni ya apitaye. Barua inayosema "mfumo wetu wa ufundishaji" kana kwamba mfumo ni mali kama fidla iliyomo kwenye sanduku, inadai kitu ambacho sheria haikukitoa. Na mawakili wanajua. Huandika hivyo kwa sababu karatasi haikatai wino, na kwa sababu aliyeandikiwa aghalabu hana wa kumuuliza.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha swali. Nguvu ya barua ya wakili haitoki yote katika haki ya aliyeiandika. Sehemu kubwa hutoka katika hofu na umaskini wa aliyeipokea, na kisa kimoja kilichotokea katika ulimwengu wa nota chaonesha hivyo bila ya kuhitaji kutiliwa chumvi. Mwaka 2006 kijana mwanafunzi wa muziki, Edward Guo, alianzisha katika intaneti maktaba ya nota za kale, IMSLP, ikiwa chini ya sheria za Canada. Wapenzi wa muziki wakaijaza. Oktoba 2007 ikaja barua ya mawakili kwa niaba ya Universal Edition, wachapishaji wa Vienna walioanza kazi tangu 1901. Shida ilikuwa hesabu ya miaka. Canada wakati ule ilihifadhi kazi kwa miaka 50 baada ya kufa mtunzi, Ulaya miaka 70. Mchukue Béla Bartók, aliyefariki 1945: kwa Canada alikwisha kuwa huru tangu mwanzo wa 1996, kwa Ulaya alikuwa bado amefungwa mpaka mwisho wa 2015. Mtu wa Vienna akifungua ukurasa uliowekwa Canada, amevunja sheria ya nani? Swali zuri hilo, na lilistahili hakimu mwenye subira. Halikumfikia hakimu yeyote. Guo alisema waziwazi kwamba yeye ni mwanafunzi wa kawaida, hana nguvu wala fedha za kushughulika na jambo hilo, na kabla ya Oktoba kwisha akaifunga maktaba nzima, pamoja na maelfu ya kazi ambazo hakuna aliyezidai popote duniani.

Maktaba ilifunguliwa tena Juni 2008, baada ya watu wengi, wakiwamo wanasheria, kujitokeza kuisaidia, na mpaka leo ipo na imekuwa kubwa mara nyingi zaidi. Canada yenyewe iliongeza muda wake kufikia miaka 70 mwishoni mwa 2022. Sisemi kwamba wachapishaji wa Vienna hawakuwa na hoja; walikuwa nayo. Nasema kwamba miezi minane ya giza haikutokana na hoja, ilitokana na bahasha. Na jambo la pembeni ambalo siwezi kuliacha: huyo huyo Bartók aliitembelea miaka mingi vijiji vya Wahungari na Waromania na mashine ya kunasia sauti, akazisikiliza nyimbo za wakulima, akazinakili, na nyengine zikaingia katika kazi zake zilizochapishwa Vienna. Wakulima hawakuwa na wakili.

Waingereza, watu wa biashara tangu kale, waliiona hatari hii mapema. Tangu sheria yao ya hataza ya 1883 walimpa aliyetishwa bure haki ya kumshtaki aliyemtisha, na mwaka 2017 wakaipanga upya haki hiyo katika sheria maalumu ya vitisho visivyo na msingi, kwa upande wa hataza, alama za biashara na usanifu. Hakimiliki haikutiwa humo. Hata hivyo fikra yenyewe ni ya kiungwana: kwamba kutisha ni kitendo, si maneno tu, na mwenye kutisha awe tayari kuulizwa.

Mtu ataniambia, na atakuwa na haki, kwamba barua ni bora kuliko njia nyengine. Ni bora kuliko kumvizia kijana uchochoroni, bora kuliko kwenda kwa mganga, bora hata kuliko kesi, maana kesi hula skuli zote mbili. Kuonya kabla ya kushtaki ni adabu. Nakubali. Lakini tuitazame adabu ya kwetu ya kuonyana ilivyokuwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, na washairi wa Lamu waliposhindana, walirushiana beti ambazo mji wote ulizisikia. Vikundi vya taarabu vya kina mama wa Unguja, Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun, vilihasimiana kwa nyimbo mbele ya watazamaji waliojua kila fumbo lilimwelekea nani. Mambo hayakuwa matamu siku zote. Fumbo laweza kumvunja mtu kuliko kiboko. Lakini aliyetupiwa alikuwa na sauti sawa na aliyemtupia, na silaha ya kujibia ilikuwa ni ustadi ule ule wa fani wanayoigombania. Barua ya wakili huja faraghani, mara nyingi kwa lugha asiyoifahamu vizuri mpokeaji, na kuijibu kwahitaji fedha wala si ustadi. Tumeuhamisha ugomvi kutoka uwanja ambao mwanafunzi hodari angeweza kushinda hadi uwanja ambao mwenye kodi kubwa hushinda.

Nimefika kwenye aya ya tatu. Mwalimu ataka kijana "aache mara moja kuwachukua wateja" wa skuli yake, na asifundishe ala hizo ndani ya mji kwa miaka miwili.

Tuanze na huo mji na hiyo miaka. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo utawala wa Kiingereza uliileta mpaka pwani hii na ambayo sheria ya mikataba ya Tanganyika ya 1961 iliifuata kwa mengi, ilisema kwamba mapatano ya kumzuia mtu asifanye kazi yake halali ni batili kwa kadiri hiyo ya kuzuia, isipokuwa pale mtu anapouza biashara yake pamoja na sifa yake. Nchi na nchi zimetofautiana tangu hapo, na mawakili wana mengi ya kuongeza. Kwa maadili naona waliotunga waligusa penyewe. Mtu asiyejua kazi nyengine ila udi, ukimkataza udi umemkataza chakula.

Ama hao wanne. Chama cha kitaifa cha walimu wa muziki cha Marekani, MTNA, kilichoanzishwa 1876 na ambacho mwaka 2013 kilikuwa na wanachama zaidi ya 20,000, kilikuwa na kifungu katika kanuni zake za maadili kinachomtaka mwalimu aiheshimu studio ya mwenziwe na asiwavute kwa makusudi wanafunzi wake. Kikisomwa haraka ni kifungu kizuri, chenye harufu ya uungwana. Desemba 2013 kamisheni ya serikali inayosimamia ushindani wa kibiashara ilikishtaki chama hicho kwa kifungu hicho hicho, na Aprili 2014 mapatano yakathibitishwa na kifungu kikaondolewa. Mtu anaweza kucheka, dola kubwa ikiwaandama walimu wa piano wanaofundisha sebuleni. Nilicheka nami. Lakini hoja ya kamisheni haikuwa ya kuchekesha: walimu wakikubaliana wasigusiane wanafunzi, anayebaki bila ya ulinzi ni mwanafunzi, ambaye hatasikia kamwe kwamba mtaa wa pili kuna mwalimu mwenye sikio zuri zaidi au ada nafuu zaidi. Yale waliyoyaita maadili yalikuwa ni maadili ya wenye mifugo, ambao hukubaliana mipaka ya malisho.

Neno lenyewe "kuchukua" latuonesha kosa. Huwezi kuchukua kitu kwa mtu ila kikiwa chake. Daftari ni lake, kibao ni chake. Mtoto wa miaka tisa si wake, wala ada ya mwezi ujao si yake mpaka aifanyie kazi. Aliyemhama mwalimu kamhama kwa miguu yake, au ya mzazi wake, na miguu hiyo ndiyo iliyomleta siku ya kwanza. Mwalimu aliyefurahi walipotoka kwa mwengine kuja kwake hawezi kuliita wizi wanapotoka kwake.

Nakubali kuna hali ambayo rai yangu hubadilika. Kama kijana aliziiba namba za simu za wazazi kwenye daftari la ofisi, akawapigia usiku akawaambia skuli imefungwa au mwalimu mgonjwa, basi aya ya tatu ina haki ya kuwapo, ila iandikwe upya: iseme uongo, siyo wanafunzi. Alichokosea ni kuwadanganya wanne, siyo kuwafundisha. Tofauti hiyo ni nyembamba kwenye karatasi, lakini kwa kijana ni tofauti ya kutakiwa aombe radhi na kutakiwa afunge duka.

Wasomaji wa visiwa hivi wana sababu ya ziada ya kulifikiri jambo hili. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akasome ganuni, na aliporudi akawafundisha wengine, na kutokana na mbegu hiyo ikaja kuchipua, mwaka 1905, jumuiya ya Ikhwani Safaa, ambayo bado twaiita kwa jina hilo. Wanahistoria watapimana juu ya maelezo ya kisa. Kiini chake hakina utata, kwamba ganuni yetu ilitoka kwa walimu wa Misri. Laiti mwalimu wake wa Cairo angalimfungisha asifundishe alichofundishwa, au asimtoe mwanafunzi yeyote nje ya kivuli cha ustadhi wake, leo tungekuwa tunaandika juu ya nini katika kurasa hizi? Taarabu yenyewe ni mwanafunzi aliyeondoka akafungua darasa lake. Na haikuishia hapo. Waimbaji wa Mombasa walizichota tuni za filamu za Kihindi wakazivika maneno ya Kiswahili, na Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alipendwa kwa hayo. Hilo la tuni lina ubishi wake, na mtunzi wa Bombay angekuwa na la kusema. Simtetei kila mchotaji. Nasema tu kwamba nyumba yetu ina milango mingi iliyofunguliwa na watu walioacha milango ya walimu wao, na si vyema sisi kuwa wa kwanza kuweka makufuli.

Na mwalimu wetu je, aliyepoteza ada nne na heshima? Huzuni yake ni ya kweli na sitaki kuipita kama mwenye haraka. Miaka kumi alimpa kijana kitu ambacho ada haikukilipa. Alistahiki kuagwa. Alistahiki kijana aje na mzee mmoja, akae chini, aseme: maalim, nataka nijaribu peke yangu, niombee. Hilo ni deni la kweli, pengine kubwa kuliko yote yaliyomo katika barua. Lakini ni deni la aina ambayo haidaiki kwa siku 7. Ukilidai kwa wakili hulipati, na ile njia nyembamba ya kulipwa baadaye kwa hiari, siku ya harusi au siku ya msiba, kijana atakapopanda ngazi tena, unaiziba kwa mkono wako mwenyewe. Si kwamba ni lazima atapanda. Wako wasiopanda maisha yao yote, na wanalala usingizi.

Nimesikia ikisemwa kwamba haya ni mawazo ya watu wasiolipa kodi ya nyumba. Skuli ya muziki ni biashara, na biashara isiyojilinda hufa, na ikifa hakuna atakayefundishwa. Ni kweli nusu. Skuli za muziki za pwani hii zimeishi kwa taabu. Hata Dhow Countries Music Academy, iliyofungua milango Mji Mkongwe mwaka 2002 na kufunza vijana wengi ambao baadhi yao ndio walimu wa leo, ilifika 2019 ikitangaza kwamba huenda ikafunga kwa kukosa fedha. Lakini angalia ni nini kilichoitishia. Hakikuwa kibao cha mwanafunzi aliyefungua chumba uchochoro wa tatu. Ilikuwa ni kwamba ada za wenyeji hazitoshi na fedha za wafadhili zina mwisho. Mahali ambapo wanaosoma muziki ni wachache, mwalimu wa pili mtaani huongeza hesabu ya nyumba zenye udi ndani yake, na nyumba yenye udi huzaa mtoto mwengine wa kusomeshwa. Huu ni ubashiri, siyo hesabu. Mwenye skuli atauona kuwa ni ubashiri wa gharama yake.

Basi rasimu iko mezani. Ningemshauri mwalimu airudishe kwa wakili na kalamu nyekundu. Aya ya kwanza ibaki, ila iseme tu kibao kibadilishwe, na ipewe muda wa kutosha wa kuchora kibao kipya, maana mchoraji naye ana foleni. Aya ya pili itaje kurasa kwa namba zake na iache kabisa neno "mfumo". Itolewe kwa Kiswahili. Aya ya tatu ifutwe yote, pamoja na neno "wateja", kwani mmoja wa hao wateja yuko katikati ya Bayati na bado hajajua robo toni ile huangukia wapi. Wakili atatoza ada ile ile.